Mgombea ameachika mara mbili: inanihusu nini mimi mpiga kura?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Urambo. Kata yetu inaelekea kwenye uchaguzi mdogo wa udiwani na wagombea wenye nguvu ni wawili. Mmoja ni mama aliyekuwa katibu wa AMCOS yetu ya tumbaku, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wa pili ni mfanyabiashara wa mazao. Tangu watu waanze kujipanga sijasikia habari ya zahanati, ya mikopo ya vikundi, wala ya madeni ya pembejeo yanayotukata kila msimu. Kila kijiwe ni kwamba yule mama ameachika mara mbili, na wa upande wake wanajibu kwamba yule baba ana mtoto Kaliua ambaye hamtunzi. Mama yangu mzazi anasema yaacheni yasemwe, aliyeshindwa nyumba yake ataiweza kata? Mimi naona tunachezewa, ila namna ya kumjibu sina. Je, maisha binafsi ya mgombea hayanihusu kabisa? Kama kuna yanayonihusu, nitayatenganishaje na umbea? Na nikisimama mkutanoni kuuliza mambo ya maana, si nitaonekana nimetumwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na sheria, maana ndiyo fupi. Mgombea udiwani anatakiwa awe raia aliyetimiza miaka 21, mkazi wa eneo la halmashauri, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na njia halali ya kujipatia kipato na awe amesimamishwa na chama cha siasa. Ndoa haimo. Hata kwa mbunge, ambaye kazi yake ni kubwa zaidi, Ibara ya 67 ya Katiba inauliza mambo ya aina hiyohiyo, halafu inaongeza kwamba katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya serikali. Kwa hiyo kodi imetajwa, na unyumba haukutajwa. Unyumba umetajwa kwingine, kwenye Ibara ya 16, na huko umewekewa ulinzi: kila mtu anastahili hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Mgombea naye ni mtu.

Lakini hizo ni sifa za kuingia kwenye karatasi ya kura, si za kushinda. Ndani ya kituturi uko peke yako, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umemnyima fulani. Ukiniambia utamnyima mtu kura kwa sababu hukupenda alivyomtendea mkewe, siwezi kukukataza. Ninachokuomba ujiulize ni kimoja: habari hii inanisaidia kujua atakavyoifanya kazi ninayompa, au imeletwa kijiweni ili nisiiulize kazi yenyewe?

Maana hayo hayasemwi kwa bahati mbaya. Tazama hesabu ya anayesema. Mgombea akitamka kwamba atafuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, amejifunga. Baada ya mwaka utamfuata na kumwuliza vikundi vingapi vya kata yetu vimepata, na vingapi vilikuwa hewa. Itabidi ajue kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya utaratibu mbovu ikarudishwa 2024, ajue utaratibu wa sasa ukoje, ajue nani anakaa kwenye kamati. Hiyo ni kazi ya kusoma makaratasi. Akisema "yule kaachika", hajaahidi chochote, hajasoma chochote, na mwakani hakuna wa kumdai.

Tena mara nyingi hasemi yeye. Wanasema wapambe, kwenye kijiwe cha kahawa, gulioni, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na mwenyewe akiulizwa anashangaa kama wewe. Hapa kwetu Unyamwezini kuna kichaka kingine cha kujifichia: utani. Wanyamwezi tuna watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ya kukusema mpaka kwenye msiba wako. Mtu anamchafua mwenzake, akibanwa anacheka: "Ah, mimi mtani wake bwana." Mtani wa kweli anakusema mbele yako. Hasambazi sauti ya dakika nne usiku wa manane kwa watu mia mbili.

Kitu kingine ambacho wapambe wanakijua vizuri: habari ya chumbani haina jibu. Yule mama akieleza kwa nini aliachika, ameirefusha wiki nzima na amewavuta watoto wake ndani. Akinyamaza, wanasema kimya chake ni kukiri. Hoja ya zahanati ina jibu, tena jibu la tarakimu. Na usidhani mwanamume na mwanamke wanapigwa kwa fimbo moja. Mwanamume mwenye wake watatu anaitwa kijogoo, watu wanacheka, yameisha. Mwanamke aliyeachika, hata kama ni yeye aliyeomba talaka mahakamani kwa haki anayopewa na Sheria ya Ndoa ya 1971, anaulizwa "alikosa nini?" Akiwa na mume anaulizwa kama mume amemruhusu. Akiwa hana, anaulizwa nani anamlipia kampeni.

Watu wa mkoa wetu tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2011 Igunga ilifanya uchaguzi mdogo wa ubunge baada ya Rostam Aziz kujiuzulu. Aliyeifuata kampeni ile kwa magazeti, akiwa Dar es Salaam au Mwanza, atakukumbushia mambo mawili: mbunge aliyepanda jukwaani na bastola kiunoni, na purukushani ambamo mkuu wa wilaya, mwanamke, alidaiwa kuvuliwa mtandio, jambo lililogeuka upesi kuwa ugomvi wa dini. Mwulize mtu huyohuyo kuhusu daraja la Mbutu. Atakutazama. Ilhali daraja hilo ndilo lilikuwa kilio cha watu wa kule, na liliposemwa lilisemwa kama ahadi ya waziri jukwaani, kiasi kwamba likaja kuwa sehemu ya hoja za kesi ya kupinga matokeo. Mahakama Kuu ilitengua uchaguzi ule Agosti 2012, Mahakama ya Rufani ikaja kumrejesha mbunge. Wananchi walipiga kura, wakasubiri mahakama, na katika kelele zote hizo sijui ni wangapi waliwahi kupata jibu la utulivu kuhusu daraja: linagharimu kiasi gani, linajengwa na nani, linakwisha lini.

Usitegemee sana sheria ikusafishie hewa. Sheria ya uchaguzi ya 1985, iliyotumika mpaka ilipokuja mpya ya 2024, ilisema uchaguzi unaweza kutenguliwa kama mgombea alitumia maneno ya kuchochea tofauti za kabila, rangi au dini, na hata tofauti ya jinsia pale wagombea wanapokuwa mwanamume na mwanamke. Maneno mazuri. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua ubunge wa Arusha Mjini Godbless Lema wa CHADEMA, kwa maneno iliyoona aliyasema kwenye kampeni za 2010 dhidi ya Dkt. Batilda Burian wa CCM. Maneno yenyewe siyarudii; yalihusu mambo yake binafsi na kuyarudia ni kumsaidia aliyeyatunga. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia Lema kiti. Sababu? Kesi ilifunguliwa na wapiga kura watatu ambao haki zao wenyewe hazikuguswa. Aliyesemwa hakuwa mlalamikaji. Dkt. Burian baadaye alikuja kwetu Tabora kuwa mkuu wa mkoa, na kazi aliyoijia huku haikuhusiana hata chembe na yaliyosemwa Arusha. Kwa hiyo sheria ipo, lakini njia yake ni ndefu, na wewe mpiga kura unaweza ukaambiwa huna nafasi ya kulalamika. Kuchuja kunabaki kwako.

Sasa uchuje vipi. Mimi natumia kipimo kimoja na kinanitosha: je, jambo hili la binafsi limegusa fedha ya umma, mamlaka ya umma, au sheria inayotufunga sote? Kama limegusa, si la binafsi tena, hata kama limetokea sebuleni kwake. Kama halijagusa, ni lake na wa nyumbani kwake.

Mfano ninaoupenda ni wa Jacob Zuma wa Afrika Kusini. Kwa miaka mingi watu, na vyombo vya habari vya nje hasa, walishindana kutania idadi ya wake zake. Wakati wanahesabu wake, serikali ilikuwa inajenga nyumbani kwake Nkandla, kwa jina la usalama wa rais. Mtetezi wa Umma wa nchi ile, Thuli Madonsela, alitoa ripoti Machi 2014: karibu randi milioni 246 zilikuwa zimetengwa au kutumika, na ndani yake kulikuwa na bwawa la kuogelea lililotetewa kuwa ni la kuzimia moto, zizi la ng'ombe na banda la kuku. Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba rais alikiuka Katiba kwa kutoitekeleza ripoti ile na kwamba anapaswa kurudisha sehemu ya fedha. Alilipa randi milioni 7.8. Angalia mpaka ulipopita: wake zake alioa kwa mila inayotambuliwa na sheria za kwao, na aliyewacheka hakupata hata senti ya kodi iliyookolewa. Banda la kuku, kitu kidogo cha nyumbani kabisa, ndilo lililomfikisha mkuu wa nchi mahakamani. Vyote vilikuwa ndani ya ua mmoja.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa habari ya uraia, ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaijua kuliko sisi. Kule mgombea akionekana na nguvu, anaweza kuibuka mtu na kusema babu yake alivuka kutoka Burundi. Uraia ni sifa ya kisheria, kwa hiyo hauwezi kuitwa umbea moja kwa moja. Lakini una mahali pake: mwenye ushahidi anapeleka pingamizi kwa msimamizi wa uchaguzi baada ya uteuzi, kwa maandishi, na anajibiwa. Asiyepeleka pingamizi halafu akaendelea kuimba "Mrundi, Mrundi" mpaka siku ya kura hatafuti sheria. Anatafuta kura za chuki.

Afya ndiyo inayonipa taabu kidogo, kwa sababu mgonjwa sana hawezi kazi na una haki ya kujua. Ila kumbuka 2015. Kampeni ya urais ilifika mahali watu wakawa wanapima miili: Edward Lowassa alisemwa kuwa mgonjwa, hotuba zake fupi zikahesabiwa dakika, na John Magufuli akapiga pushapu jukwaani watu wakashangilia. Magufuli alifariki Machi 2021 akiwa madarakani, na tangazo la serikali lilisema tatizo lake la moyo alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka kumi, maana yake hata siku ile ya pushapu. Lowassa alifariki Februari 2024. Simsemi marehemu yeyote kwa ubaya. Nasema kwamba tulitazama jukwaa tukadhani tumeona cheti cha daktari, na muda tulioutumia kupima vifua vya watu hatukuutumia kusoma ilani zao.

Turudi Urambo kwenye wagombea wako.

Talaka mbili za yule mama hazigusi fedha yako wala mamlaka utakayompa. Ziache. Lakini umeniambia kitu kikubwa kwa kupitia tu: alikuwa katibu wa AMCOS. Binti yangu, hapo ndipo penye mgodi! Katibu wa chama cha msingi cha tumbaku ameshika vitabu vya watu mnaokopa pembejeo kwa dhamana ya pamoja, ambapo jirani asipolipa deni lake linahamia kwenye malipo yako. Wakati wake mbolea iliagizwa kwa idadi ya wakulima waliokuwepo au kulikuwa na majina ya marehemu? Masalia ya mifuko yaliandikwa wapi? Malipo yalipochelewa aliwaeleza wanachama au alizima simu? Na haya huna haja ya kuyatafuta kijiweni. Vyama vya ushirika hukaguliwa na COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama hivyo, na taarifa ya ukaguzi husomwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Kama wewe ni mwanachama, unayo haki ya kuuliza taarifa za miaka yake zilisemaje: hati ilikuwa safi au yenye shaka, na hoja zilifungwa au zimeachwa zinaning'inia. Inawezekana ukakuta alikuwa katibu hodari kuliko wote waliomtangulia. Inawezekana pia ukakuta shimo. Yote mawili yatakufaa kuliko kujua nani alimwacha na kwa nini. Na ukitaka mawazo yangu yote, nina wasiwasi kwamba wapinzani wake wanazungumzia talaka kwa sababu vitabu vyake havina doa, au wapambe wake wanafurahia talaka zizungumzwe ili vitabu visifunguliwe. Sijui lipi. Wewe uliye huko utajua.

Yule baba sasa. Mtoto wa Kaliua nampa uzito zaidi ya talaka, ila kwa masharti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake. Kama kuna amri ya mahakama ya matunzo na ameidharau, au ustawi wa jamii wamemwita mara kadhaa akakaidi, hapo mtu anayetaka kukaa kwenye baraza linalotunga sheria ndogo amekaidi sheria kubwa. Hilo linakuhusu. Kama hakuna karatasi, kuna "nasikia" tu, basi kuna mtoto halisi Kaliua ambaye jina lake linabebwa kwenye magulio, na anayeumia ni yeye.

Lakini wakati mnamsaka huyo mtoto, kuna swali limelala. Umesema ni mfanyabiashara wa mazao. Ananunua kwa mzani au kwa lumbesa? Kila mkulima wa mahindi anajua gunia lile lililovikwa kofia, ambalo sheria ya vipimo inalikataza, na bado linapakiwa mchana kweupe. Ushuru wa mazao anaulipa getini au malori yake hupita usiku? Diwani anakaa kwenye baraza linalopanga makusanyo ya ushuru huohuo. Je, ana kampuni inayopata zabuni za halmashauri, na yuko tayari kutangaza maslahi yake mbele ya baraza jambo hilo likijadiliwa? Haya nayo ni maisha yake, ni biashara yake binafsi kabisa. Lakini yamegusa mfuko wako na wa halmashauri, kwa hiyo uliza bila haya.

Kuhusu mama yako, usimjibu kwa ukali, ana hoja ya kale na ina heshima yake. Iko hata kwenye Biblia: waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu. Ila sentensi ile inamhusu askofu, mtu anayewekwa awe kielelezo cha maisha ya waumini. Diwani hatumweki awe kielelezo. Tunamweka awe mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na apige kura kwenye bajeti ya halmashauri. Mwulize mama, kwa upole, kama mhasibu wa kikundi chake cha vikoba alichaguliwa kwa ndoa yake au kwa sababu hela zinatimia siku ya kugawana. Nadhani atacheka, na atakuwa amejijibu.

Na kama anapenda habari za wazee wa Tabora, mkumbushe Januari 1958. TANU walikutana mjini hapa kujadili kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni matusi. Nyerere aliwashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu aliyekataa akatoka kuanzisha chama chake. Matokeo yake Waafrika wachache waliokuwa na haki ya kupiga kura wakajikuta wanawapigia kina Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mwasia, watu ambao wapiga kura hao hawakujua nyumbani kwao wanaishi vipi, wanasali vipi wala wanakula nini. Walichojua ni msimamo wao juu ya kujitawala. Kikatosha.

Sasa hofu yako ya kuonekana umetumwa. Ni ya kweli, siidharau, maana kijijini mtu akishapachikwa chama, uji wake haununuliki. Dawa yake ni kuandika maswali yako matatu kwenye karatasi na kumwuliza kila mgombea yaleyale, kwa maneno yaleyale, kwenye mkutano wake. Mwombe na mwenzako anayejulikana kuwa wa upande mwingine asimame karibu nawe. Usianze kwa "kwa nini ninyi". Anza kwa tarakimu. Kwa mfano: "Ndugu mgombea, kata yetu ina vikundi vingapi vilivyopata mkopo wa asilimia 10 tangu urudishwe, na wewe utafanya nini ili orodha ibandikwe ofisi ya kata?" Asiyejua atasema atalifanyia kazi. Mwulize lini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri hutoka kila mwaka na zipo wazi mtandaoni. Tafuta ukurasa wa halmashauri yenu, chukua hoja moja tu isiyofungwa, uende nayo. Mikutano ya baraza la madiwani nayo iko wazi kwa wananchi. Ukienda hata mara moja, utajua maswali gani huwakosesha usingizi.

Mpambe akikatiza na habari ya talaka au ya mtoto, usibishane naye, utakuwa umempa alichokuja kukitafuta. Mwambie, "Hilo tumelisikia, mimi nilikuwa nauliza la mbolea," kisha mtazame mgombea. Na uwahi kusimama. Mikutano ya kampeni mwisho wake ni saa 12 jioni, wagombea hufika wamechelewa, ngoma na wasanii hula saa nzima, na nafasi ya maswali ndiyo ya kwanza kukatwa.